Shimo Lisilokuwemo Kwenye Ramani

Jengo lilikuwa limepiga magoti. Upande wa barabarani ghorofa zake zilikuwa zimelaliana, slabu juu ya slabu. Upande wa nyuma ulikuwa bado umesimama kwa ubishi, umeinama, nondo zimetokeza nje kama mbavu za mnyama aliyeliwa. Lilianguka jana alasiri, mafundi wengi wakiwa wametoka kwenda kunywa chai. Hiyo ilikuwa bahati yao. Ambao hawakwenda walikuwa bado humo ndani, na tangu Inspekta afike asubuhi ile, hakupata mtu wa kumwambia ni akina nani wala ni wangapi.

"Sheria inakutaka uwe na orodha langoni," alimwambia mkandarasi. "Anayeingia anaandikwa, anayetoka anaandikwa. Iko wapi?"

Mkandarasi alikuwa mtu mnene wa shingo, mwenye simu mbili mkononi na vumbi la zege kwenye nyusi. Alitabasamu tabasamu la kuomba radhi.

"Dada yangu, hawa ni vibarua. Leo yupo huyu, kesho yule. Utamwandika nani, utamwacha nani?"

"Niite afande. Orodha iko wapi?"

"Haipo, afande."

"Walikuwa wanafanya nini waliobaki?"

"Plasta. Ukumbi wa chini, hapa hapa mbele. Wawili, labda watatu." Mkandarasi akasogea karibu, akateremsha sauti. "Lakini wewe usihangaike, chanzo nakijua. Nyapara wangu, yule Msumari. Nilimkataza asiondoe mirunda chini ya slabu kabla zege halijakomaa. Mtu kichwa ngumu, akaiondoa. Lilipoanza kupasuka akaingia mitini. Simu yake imezimwa tangu jana. Mkamate huyo, kesi imekwisha."

Inspekta alimpa mgongo. Alikuwa ameletewa kesi nyingi zilizokwisha pikwa na kupakuliwa, na alijifunza kuzila polepole.

Mkuu wa zimamoto alimkuta akiwa amesimama mbele ya kifusi. Mtu mrefu, sauti imemkauka kwa vumbi na kukesha.

"Tumetoboa hapa, tumetoboa pale," alisema. "Patupu. Na bado nasikia kugonga."

"Kugonga?"

"Chuma juu ya chuma. Hafifu. Jana kulikuwa na nguvu, leo kunafifia. Tabu ni kwamba nondo zinabeba sauti kila upande. Weka sikio hapa utasikia, weka kule utasikia. Nikipeleka katapila mahali pasipo penyewe, ule upande ulioinama utawashukia na habari itaishia hapo." Akaelekeza kidole kwenye mstari wa chokaa uliochorwa ukutani. "Unashuka, afande. Tangu alfajiri umeshuka upana wa kiganja. Nionyeshe pa kuchimba. Mimi siwezi kuchimba kwa kubahatisha."

Ndipo Inspekta alipomwona mwanamke aliyeketi juu ya tofali karibu na lango, ameshika tama, kanga ameifunga kiunoni kama mtu aliyekuja kufanya kazi. Hakuwa akilia. Alikuwa akiwatazama wazimamoto mmoja mmoja, kama mtu anayesubiri aitwe jina.

"Unamsubiri nani, mama?"

"Mume wangu. Nyapara. Wanamwita Msumari." Akamtazama Inspekta usoni. "Wananiambia amekimbia. Nimewauliza, amekimbilia wapi kama nyumbani hakuja? Hawana jibu. Huyo mtu hata homa haijawahi kumkimbiza kazini."

"Wanabadilishia wapi nguo hapa?"

Mwanamke akanyoosha mkono kuelekea kibanda cha mabati nyuma ya rundo la kokoto.

Ndani ya kibanda mlikuwa na joto la tanuri na harufu ya jasho la watu waliokwisha ondoka. Misumari imepigwa ukutani kwa safu, na mingi ilikuwa mitupu: walionusurika walikuja kuchukua nguo zao jana ile ile, wakaenda zao. Mitatu haikuwa mitupu. Mmoja ulikuwa na fulana ya timu ya mpira, mwingine jaketi lililochanika kwapa, na wa mwisho shati la mikono mirefu, limekunjwa kola kwa uangalifu.

Mwanamke alilishika lile shati kabla Inspekta hajamzuia. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, kisha simu ndogo iliyokwisha chaji.

"Hizi ni za mlango wetu," alisema. "Na viatu vyake ndivyo hivyo."

Viatu vilikuwa chini ya shati, soksi zimechomekwa ndani. Inspekta alichuchumaa. Pembeni kulikuwa na ubao uliotundikwa buti za mpira zikiangalia chini, za urefu wa goti. Vigingi vitatu havikuwa na buti. Sakafuni chini yake palikuwa na matone ya udongo wa kijivu, laini kama unga uliokandwa, juu yake umekauka lakini ukiubonyeza bado una unyevu.

Aliuchukua kidogo kwa ncha ya kalamu. Pale saiti pote udongo ulikuwa mwekundu. Aliutazama tena ule wa kijivu, kisha akatoka nje akamwita mkandarasi.

"Umesema walikuwa wanapiga plasta."

"Ndiyo, afande."

"Tangu lini fundi wa plasta akavaa buti za magotini?"

Mkandarasi akacheka kidogo, peke yake. "Mafundi wana mambo yao. Labda kulikuwa na maji maji. Mvua."

"Mvua ya wapi? Vumbi hili ninalolimeza ni la mvua?"

"Mimi muda mwingi niko ofisini, afande. Msumari ndiye—"

"Msumari ameacha viatu vyake, simu yake na funguo za nyumba yake. Mtu gani anakimbia na buti za mpira?"

Inspekta alimwacha hapo hapo, akazunguka nyuma ya jengo, ukuta ulioinama ukiwa juu ya kichwa chake. Mzimamoto mmoja alimpigia kelele arudi. Hakurudi.

Alichokuwa akikitafuta kilikuwa chini ya turubai: mashine ya kuvuta maji, ya dizeli, imefungwa juu ya fremu ya magurudumu. Bomba lake moja lilikwenda hadi kwenye mtaro wa barabara ya nyuma, na mtaro wote ulikuwa umegandiwa na ule udongo wa kijivu. Bomba la pili, nene kama paja la mtoto, liliingia ndani ya jengo, likapita kwenye tundu la sakafu, likateremka chini ya zege. Lilikuwa limebanwa na boriti hadi likawa bapa.

Inspekta alisimama hapo, akayapanga mambo. Kwenye bango la mradi, lile ambalo sheria inataka libandikwe langoni, jengo lilikuwa na ghorofa nne na msingi wa kawaida. Hakuna chumba cha chini ya ardhi. Lakini mtu havuti maji kutoka mahali pasipokuwepo. Watu walikuwa wamechimba chini ya jengo lililokwisha simama, wakafika kwenye udongo wa kijivu, wakafika kwenye maji. Na mashine ilikuwa imezimika tangu jana alasiri.

Alirudi mbio kwa mkuu wa zimamoto.

"Wako chini ya sakafu. Kuna shimo, na linajaa maji."

Mkuu wa zimamoto alifumba macho, akayafumbua. "Linaingiliwa wapi?"

"Sijui bado."

"Nikitoboa sakafu juu ya vichwa vyao nitawaangushia. Nahitaji mlango, afande. Walikuwa wakiingilia wapi?"

*

Mwenye jengo alikuwa amekaa ndani ya gari lake, kiyoyozi kinavuma. Mjini walimwita Terazo, maana alianza maisha kwa kusugua sakafu za terazo za watu, na sasa watu walisugua zake. Alishusha kioo nusu.

"Mzee, chini ya jengo lako kuna shimo. Mlango wake uko wapi?"

"Shimo gani?"

"Mzee, kuna watu humo."

"Binti yangu, mimi ni mfanyabiashara. Sijui zege, sijui nondo. Nilitafuta wanaojua, nikawakabidhi kazi. Muulize mkandarasi."

"Mkandarasi ananiambia nimuulize nyapara, na nyapara yuko chini. Sheria haikupi njia hiyo, mzee. Kazi unaweza kumkabidhi mtu. Wajibu unabaki kwako. Ukiongeza hata choo ambacho hakimo kwenye kibali, unarudi kuomba kibali kipya. Ukichimba chini kupita kimo cha mtu, unaijulisha mamlaka, na kuta za shimo unaziegemeza. Haya yote tutayaongea baadaye, tena kwa nafasi. Sasa hivi nataka mlango tu."

Terazo alitazama mbele, kwenye kioo cha gari kilichojaa vumbi.

"Nitaongea akifika wakili wangu."

"Yuko wapi?"

"Njiani."

"Maji nayo yako njiani, mzee."

Kioo kikapanda.

Inspekta alibaki ameshika paa la gari. Angeweza kumtoa mle ndani kwa kola. Lakini mzee yule angeuma meno hadi jioni, na wale watatu hawakuwa na jioni. Alihitaji mtu mwingine aliyelijua lile shimo. Akakumbuka bango la langoni. Chini ya jina la mkandarasi palikuwa na jina la injinia msimamizi.

Alimkuta ndani ya kontena la ofisi, amekaa chini ya ramani iliyobandikwa ukutani, kofia ngumu magotini. Kijana wa miaka thelathini hivi, viatu safi. Mkandarasi ndiye aliyemnong'oneza Inspekta, kwa kujikosha, kwamba injinia yule amemwoa binti wa Terazo.

Inspekta alifunga mlango. Akavuta kiti, akakaa karibu naye hata magoti yao yakakaribia kugusana.

"Kwenye ramani hii hakuna shimo," alisema.

Injinia akatikisa kichwa. "Hakuna."

"Na chini ya jengo lipo?"

Injinia akaigeuza kofia magotini.

"Uliliona?"

"Nina haki ya kunyamaza," injinia alisema, sauti ikitoka kwa shida. "Naijua sheria."

"Unayo. Na mimi kabla sijakuuliza lolote natakiwa nikupe onyo, kwamba utakachosema kinaweza kutumika dhidi yako. Sikupi." Alitoa kalamu mfukoni, akaiweka mezani, mbali na mkono wake. "Unaelewa maana yake? Utakachoniambia humu ndani wakili yeyote atakitupa nje. Nitakuwa nimeiharibu kesi yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Niambie walikuwa wakiingilia wapi. Basi."

Injinia aliuma mdomo. Nje msumeno wa zege ulilia, ukanyamaza. Walikuwa wameuzima ili wasikilize. Katika ule ukimya zikaja zile sauti za chuma. Moja. Kisha muda mrefu. Kisha nyingine. Zilikuwa zikitokea chini ya miguu yao, au zilionekana kutokea hapo.

"Nilimwambia," injinia alisema ghafla. "Nilimwambia baba mkwe, ukichimba karibu na miguu ya nguzo, nguzo zitakosa pa kusimama. Akasema anataka maegesho ya magari, bila maegesho hakuna mpangaji. Nikamwambia tena mezani, tukila. Akanicheka mbele ya mke wangu."

"Ulimwandikia asimamishe kazi?"

"Hapana."

"Uliijulisha mamlaka?"

"Ni baba wa mke wangu, afande! Ningeanzia wapi?"

"Ungeanzia pale lilipoandikwa jina lako. Lakini sijakuuliza hayo. Mlango."

Mlango wa kontena ukafunguliwa kwa nguvu. Terazo alisimama kizingitini, amesahau kufunga vifungo vya koti. Lazima mkandarasi alikwenda kumwita. Mkandarasi huyo sasa alikuwa akimpaka kila mtu mafuta, polisi na tajiri wake.

"Mwanangu, usiseme kitu. Wakili anaingia sasa hivi."

"Baba, kuna watu."

"Watu watatolewa, wenye kazi yao wapo. Wewe fikiria nyumba yako. Fikiria binti yangu ana mimba ya nani. Ukifungwa wewe, nani atamlea? Kaa kimya."

Injinia alimtazama mkwewe. Kisha akamtazama Inspekta. Chuma kikagonga tena chini. Safari hii waliposubiri cha pili hakikuja.

Injinia aliinuka. Kofia ikamwanguka magotini, ikabingirika hadi kwenye viatu vya mzee.

"Nyuma," alisema. "Chini ya tangi la maji la plastiki. Waliliweka hapo makusudi, mkaguzi akija asione. Ukilisogeza kuna bati, chini ya bati kuna njia ya kushukia, imeinama kuelekea katikati ya jengo. Waambie waende kushoto. Kulia kuna nguzo mbili zinaning'inia, zisiguswe."

Inspekta alikuwa amekwisha toka nje akikimbia.

*

Tangi lilisogezwa kwa mabega ya watu, maana katapila lisingefika pale. Bati likang'olewa. Chini yake njia ilikuwa imezibwa na kifusi, na kwenye nyufa za kifusi maji ya kijivu yalikuwa yakitetemeka. Wazimamoto waliegemeza ukuta kwa magogo, wakashusha bomba jipya, wakawasha mashine. Injinia aliomba kofia ya mtu, akashuka nao hadi kwenye kifusi cha kwanza, akiwaonyesha jiwe gani litoke na jiwe gani libaki. Hakuna aliyemkataza. Nyuma ya utepe wa polisi mke wa Msumari alikuwa amesimama, mikono kifuani, midomo ikitembea bila sauti.

Jua lilikuwa utosini walipomtoa wa kwanza. Alikuwa kibarua mwembamba, rangi yote ya udongo isipokuwa meno. Akafuata wa pili, naye akiwa hai, akitapika maji. Kila alipotoka mtu umati ulipiga kelele za furaha, na mke wa Msumari alinyoosha shingo, akaangalia, akarudi kusimama.

Inspekta alipiga magoti kando ya yule wa kwanza, kabla machela haijainuliwa.

"Nyapara yuko wapi?"

Kibarua alimtazama kana kwamba swali limetoka mbali.

"Alishuka na mirunda. Sisi tulikuwa tunachota tope, nguzo ikaanza kulia. Akasema tokeni, mimi naegemeza. Hatukuwahi. Boriti ilimlalia mguu." Meno yakamgongana. "Alikuwa mzima, afande. Usiku kucha anatupigisha hadithi, anatuamrisha tugonge. Maji yakapanda. Tukamshika kichwa kwa zamu, mimi na mwenzangu. Yakapanda. Tukamnyanyua kidevu. Yakapita."

"Lini?"

"Sasa hivi. Mlipozima ule msumeno wenu, akatuambia gongeni, wananyamaza ili watusikie. Tukagonga. Ya mwisho hatukuweza, mikono yote ilikuwa kwake."

Inspekta aliinuka polepole. Nyuma yake injinia alikuwa amesimama, matope hadi kifuani. Alikuwa amesikia.

Msumari alitolewa mwisho, baada ya boriti kukatwa. Walimfunika kwa turubai safi. Inspekta ndiye aliyekwenda kwenye utepe, akamwambia mwanamke ukweli wote kwa sentensi chache, kwa kuwa hakujua namna ya kuupunguza. Mwanamke aliketi chini. Alilia kwa sauti moja ndefu, kisha akajifuta kwa kanga, akainuka, akauliza walipomlaza.

Inspekta akaifuata kalamu yake kontenani, kisha akarudi kufanya yaliyobaki. Terazo na mkandarasi walikuwa tayari kwenye gari la polisi. Wakili alikuwa amefika, akiongea na dirisha. Inspekta alimkabili injinia, na mara hii alisema maneno yote yanayotakiwa kusemwa: unakamatwa, una haki ya kunyamaza, utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika dhidi yako mahakamani.

"Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Una la kusema?"

Injinia alitikisa kichwa. Wakili, kutoka kule dirishani, alimwinulia kidole gumba.

Walikuwa wakielekea kwenye gari mke wa Msumari alipowazuia njia. Hakumtazama Inspekta. Alimwendea injinia moja kwa moja, akaushika mkono wake wenye matope kwa mikono yake miwili.

"Wameniambia ni wewe uliyeonyesha mahali," alisema. "Wote walisema mume wangu amekimbia. Asante, mwanangu. Ningekwenda kaburini nikiwa mke wa mtu aliyekimbia. Mungu akulipe."

Injinia aliinama, kama mtu aliyetwishwa gunia. Inspekta alisubiri. Wakili alikuwa ameacha kuongea, anawatazama.

"Mama," injinia akasema, "niulize nilijua lini."

"Nini?"

"Mahali. Niulize nilipajua lini."

Mwanamke alimkagua uso, polepole. "Ulipajua lini?"

"Jana. Tangu linaanguka. Nilikuwa nimesimama pale langoni, najua wako wapi. Nikaenda nyumbani nikalala."

Wakili alipiga kelele kitu, lakini hakuna aliyemsikiliza. Mwanamke aliutazama mkono aliokuwa ameushika, kama mtu anayetazama kitu alichookota. Kisha akauachia, akaifuta mikono yake kwenye kanga, mmoja baada ya mwingine, akageuka akaenda kukaa karibu na mumewe.

Inspekta akatoa kalamu yake, akaandika maneno yale kama yalivyosemwa, neno kwa neno, akamfungulia injinia mlango wa gari.